Kalamu na Karamu

Malinya
3 Machi 1996

Kwa Phineas, mwana wa kaka yangu,

Sisi huku tumeamka wazima, na nikisema sisi nawahesabu hata kuku. Mvua imechelewa lakini shamba tumekwisha kulilima. Bibi yako Kukhu goti bado linamsumbua, ila ulimi haumsumbui hata kidogo. Anauliza utaoa lini, au unangoja afe kwanza. Fahali wa mzee Shikanga alimtimua yule wa ng'ambo ya mto Jumamosi iliyopita, na tangu siku hiyo Shikanga haongei na watu wa kawaida.

Baba yako mdogo Chrispinus alirudi kutoka huko kwenu tarehe ishirini na mbili mwezi uliopita. Wiki nne alizokaa katika hicho Kituo chenu cha Hisi na Ubongo zimemsaidia, sikatai. Analala. Anakula ugali wake, obusuma wetu, na kumaliza. Yale ya mwaka jana, ya kutoka darasani mbio eti ameitwa na mtu asiyeonekana, hayajarudi. Sauti zenyewe hazijaisha, lakini aliniambia amejifunza kuzitambua: hutokea upande wa kushoto, na hazina pumzi. Mtu wa kweli akiongea, alisema, unamsikia akivuta pumzi. Nilifurahi, Phineas. Nilikwenda jikoni nikalia kidogo.

Halafu ikaja ripoti. Kurasa mbili za Kiingereza na mhuri, na nakala yake imekwenda ofisi ya elimu Kakamega. Niliipeleka kwa Ochieng wa zahanati yetu akanifafanulia. Inasema mgonjwa ameshindwa kutofautisha sauti za maneno, kwamba ugonjwa umegusa usikivu wake, na kwamba haipendekezwi arudi kuwafundisha watoto wadogo kusoma. Ofisi itakata shauri kabla ya muhula wa tatu.

Amefundisha Darasa la Tatu miaka kumi na tisa. Wewe mwenyewe ulijulia kusoma mbele yake, ukiwa huna meno mawili.

Lakini kazi siyo inayoniuma zaidi. Tangu aelezwe ile ripoti, Chrispinus ameacha kuyaamini masikio yake. Nikimwita aje kula ananitazama mdomo kwanza. Jana Kukhu alimsalimu, naye akanigeukia akaniuliza, "Ayuma, kuna mtu ameongea ama ni zile zangu?" Mama yake mzazi, amekaa hatua mbili kutoka kwake! Kukhu alichukua kikapu chake akaenda nje.

Wewe ndiwe unayefanya kazi kwenye hizo mashine. Niambie mlimpima nini, na kipimo kipi kilichosema hivyo. Niambie kwa maneno ya kawaida.

Shangazi yako mwenye haraka ya jibu,
Ayuma


Nairobi
24 Machi 1996

Senge mpendwa,

Barua yako ilinifikia imelowa upande mmoja, lakini maneno yako hayakulowa. Nimeyapata yote, pamoja na hasira. Mimi ni mzima. Maji ya Kawangware yanakuja siku mbili kwa wiki, na sisi tumezoea kuoga siku hizo. Moraa anakusalimu. Wazazi wake kule Kisii wametuita mwezi wa nane tuzungumze habari za mahali, kwa hiyo mwambie Kukhu aahirishe kufa.

Sasa kuhusu Baba mdogo. Daktari wetu mkuu, Dk. Jepchirchir, anachunguza jinsi wagonjwa wa akili wanavyopokea sauti na mwanga, na jinsi mwili unavyoitika. Mgonjwa hukaa kwenye kiti. Tunamfunga nyaya mbili ndogo kwenye vidole, zinazopima jasho. Hata jasho ambalo wewe mwenyewe hulioni, mashine inaliona na kulichora kama mstari kwenye karatasi. Mtu akishtuka, mstari unapanda. Kisha anavaa vile vya kufunika masikio. Kwanza anasikia milio, ti, ti, ti, na mmoja ulio tofauti kidogo, naye anabonyeza kitufe anapousikia. Mwisho anasikia maneno mawili mawili kutoka kwenye kanda, na anabonyeza kitufe cha kijani kama ni sawa, chekundu kama ni tofauti.

Kwenye milio Baba mdogo alifanya vizuri sana. Ni kwenye maneno alipoanguka. Kati ya jozi sitini alikosa ishirini na nne. Mtu mwenye afya hukosa tano, sita hivi. Mashine haina ujomba na mtu, Senge. Najua inauma. Labda ofisi ingemweka kwenye stoo ya vitabu, kazi yenye utulivu. Wengi wangefurahia.

Nisalimie Kukhu, na umwambie Baba mdogo asiache dawa.

Mwanao,
Phineas


Malinya
14 Aprili 1996

Phineas,

Mvua imenyesha hatimaye, mahindi yametokeza vichwa. Kukhu amefurahi habari za Kisii, ameanza kumtazama jogoo mmoja kwa jicho baya.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Umenieleza mashine vizuri, hadi nikajiona nimekaa kwenye kiti hicho. Lakini umenipiga chenga. Nilikuuliza mlimpima nini, na wewe umesema "maneno". Maneno gani? Mimi nimefundisha watu wazima kusoma katika gumbaru kwa miaka kumi na miwili, na ninajua mtu hakosi "maneno" hivi hivi. Anakosa neno fulani.

Nilimwuliza mwenyewe. Siku tatu hakunijibu, ya nne akasema tukiwa tunapalilia: "Walikuwa wanasema neno moja mara mbili. Kalamu, kalamu. Halafu wananiuliza kama ni tofauti. Mimi nikaona hawa watu wananichezea, ama ni mimi nimeharibika." Hayo ndiyo aliyoyasema, na nimeyaandika jinsi nilivyoyasikia.

Niletee hayo maneno. Na usinitajie tena stoo ya vitabu. Chrispinus si gunia.

Ayuma


Malinya
12 Mei 1996

Phineas,

Wiki nne zimepita. Sikusalimu kwa urefu kwa sababu najua u mzima: watu waliotoka matangani Lurambi wamesema walikuona huko, umevaa suti, umekula wali. Lurambi hadi hapa kwetu ni mwendo wa asubuhi moja, na hukufika. Tangu lini ukaogopa nyumba hii?

Chrispinus sasa hasemi kabisa mpaka umguse bega.

Niletee maneno.

Ayuma


Nairobi
26 Mei 1996

Senge,

Naomba radhi. Nilitaka kufika, nikakosa gari la mapema, kisha nikakosa la pili. Kazi imekuwa nyingi.

Haya hapa maneno, ingawa sheria za Kituo haziniruhusu kuyatoa. Ukishayasoma, ichome karatasi. Jozi zenye maneno tofauti ni kumi, na kila moja inarudiwa mara tatu. Zilizobaki ni neno lile lile mara mbili. Nimekunakilia nne zilizowasumbua watu zaidi, nyingine ni za namna hiyo hiyo:

kalamu – karamu
kula – kura
mahali – mahari
mbali – mbari

Utaona ni maneno rahisi. Kanda ilisomwa na mama mmoja wa Mombasa mwenye sauti safi sana. Hakuna ujanja wowote hapo.

Kuna jambo nilikuwa nimeliandika hapa nikalifuta. Si la maana.

Phineas


Malinya
16 Juni 1996

Phineas mwanangu,

Leo nakusalimu vizuri, kaa chini. Kukhu mzima, goti limepoa. Mahindi yamenifika kifuani. Karatasi yako sikuichoma, na utaelewa kwa nini.

Nilipoyasoma maneno yako nilicheka, kisha nikashikwa na hasira. Kalamu na karamu! Phineas, l na r kuziandika naziandika kwa sababu nilizikariri shuleni, fimbo mkononi mwa mwalimu. Kwa sikio sijawahi kuzijua. Katika lugha ya mama yangu na yako, hizo mbili si sauti mbili. Sisi tunasema yoyote inayotangulia mdomoni.

Nikaona hasira peke yake haitasaidia. Nikamwendea Ochieng. Yeye ni Mjaluo, kwao hizo ni sauti mbili na anazitamka kama maji na mawe. Tukatundika blanketi kwenye kamba ya nguo uani kwa kanisa ili watu wasimwone mdomo. Ochieng akakaa nyuma yake, na mimi mbele na daftari. Kila aliyetoka ibadani alisomewa jozi kumi, nyingine sawa na nyingine tofauti, hata asiweze kubahatisha. Jumapili mbili tulifanya hivyo, na Jumamosi moja kwenye uwanja wa fahali.

Watu arobaini na mmoja, wote wenye akili timamu kwa kadiri ninavyojua. Thelathini na sita walisema "sawa" mwanzo hadi mwisho. Watano tu ndio waliopatia: watatu walikulia Mombasa na wawili wameolewa kutoka Kisumu. Kiongozi wa kwaya, ambaye mtu mmoja akiimba nje ya sauti safu ya nyuma anamjua bila kugeuka, alikosa zote zilizo tofauti. Mzee Shikanga alifoka: "Mimi ng'ombe yangu akirira nikiwa huko sokoni namujua. Sasa huyu kijana anasemanga neno moja mara mbili, ananiambia nichague. Nichague nini?" Mchungaji aliomba kurudia, akarudia, akakosa tena, akasema blanketi ni zito mno.

Hapo nikasikia mtu anacheka. Chrispinus alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa, sijui tangu saa ngapi. Sijamsikia akicheka tangu Februari. Akaja mwenyewe, sikumgusa bega, akalichukua daftari mkononi mwangu na kuanza kusahihisha hesabu zangu.

Nami mwenyewe nilikaa mbele ya blanketi. Nilikosa zote zilizo tofauti.

Sasa sikiliza. Nilirudi kwenye barua yako ya Machi. Umeandika wakwe wamewaita mzungumze habari za "mahali". Mahali gani, Phineas? Mnanunua shamba? Ulitaka kuandika mahari, na mkono wako ukafuata sikio lako. Wewe, msomi wa mashine, neno lile lile lililoko kwenye orodha.

Kwa hiyo nina swali moja. Uliwahi kukaa kwenye kiti hicho wewe mwenyewe? Ulikosa ngapi? Sitaandika tena mpaka unijibu hilo.

Nimetia ndani majina ya wote arobaini na mmoja, alama zao, sahihi zao na yale waliyoyasema. Ochieng ameweka mhuri wa zahanati.

Ayuma


Nairobi
21 Julai 1996

Senge yangu,

Sina salamu nzuri za kutanguliza. Nikizitafuta nitachelewa tena.

Ishirini na tatu. Nilikosa ishirini na tatu.

Mwaka jana Kituo kilihitaji watu wenye afya wa kulinganisha na wagonjwa, na sisi wafanyakazi tukaombwa kukaa. Karatasi za majibu nasahihisha mimi. Kwa hiyo yangu niliiona kabla ya mtu mwingine yeyote. Niliitoa kwenye faili nikaandika "mashine ilikatika umeme". Mashine haikukatika kitu.

Ulifikiri niliona aibu ya matamshi, na kweli aibu ilikuwepo. Chuoni walinicheka mwaka mzima, na kazi hii niliipata kwa kusema Kiswahili changu ni safi. Lakini sicho kilichonifanya niendelee kuficha. Baba mdogo alipokaa kwenye kiti kile akapata ishirini na nne, nilitazama karatasi yake na yangu na nikaona ni damu moja. Nilijiambia yameanza. Alishikwa akiwa na miaka thelathini na tisa, mimi nina ishirini na saba, labda kwangu yanakuja mapema. Tangu hapo mtu akiniita njiani sigeuki mara moja. Nangoja aite mara ya pili. Moraa aliwahi kuniuliza kama nimekuwa kiziwi. Lurambi nilifika, Senge, na gari sikulikosa. Nilishindwa kuja kumtazama Baba mdogo usoni, nikijua ninachokijua.

Kuna jambo jingine nililoliona nikanyamaza. Kwenye mstari wa jasho, neno linapotajwa, wa Baba mdogo umetulia kabisa. Unapanda pale anapotakiwa kubonyeza. Hakushtushwa na sauti. Aliogopa kukosea, kama mtoto mbele ya ubao. Wangu unapanda hapo hapo.

Orodha yako ya watu arobaini na mmoja niliisoma nimesimama posta. Kesho naipeleka kwa Dk. Jepchirchir pamoja na karatasi yangu. Sitaifunga bahasha hii mpaka nimalize.

Jumatano, 24 Julai

Nimemaliza. Alisoma majina yote, mpaka la Shikanga. Akaniuliza, "Huyu mwenye fahali alisema nichague nini?" Nikamwambia ndivyo. Hakucheka. Akaagiza faili zote za mwaka zitolewe, tukazipanga mezani kwa kabila na mahali walikozaliwa watu. Wagonjwa kumi na wawili wametoka kwetu Magharibi. Kumi na mmoja, Baba mdogo akiwemo, walikuwa wameandikiwa maneno yale yale. Alizipitia moja moja. Akasema, "Nilifikiri napima ugonjwa, kumbe napima kwao." Kisha akasema karatasi yangu ingekuwa kwenye faili mwaka jana, angeliona hili kabla ya hao kumi na mmoja. Ni kweli.

Ripoti zote kumi na moja zinaondolewa. Barua ya ofisi ya elimu Kakamega ameiandika mbele yangu, na nakala ni hii hapa. Mimi sitagusa tena karatasi za majibu. Nimewekwa kusafisha nyaya na kupokea wagonjwa mlangoni. Nimekubali.

Mwombe Baba mdogo anisamehe, au usimwombe, mwambie tu jinsi ilivyokuwa.

Phineas


Malinya
1 Septemba 1996

Phineas mwanangu,

Tumevuna, magunia yamekauka, jogoo wa Kisii bado anaishi kwa kuwa mmesogeza siku. Kukhu anasema msisogeze tena.

Chrispinus nilimsomea barua yako yote, pamoja na ile ishirini na tatu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunitazama mdomo. Kisha akasema, "Huyu mtoto angeniuliza mimi. Ningemwambia vile inaanzanga, na haianzangi na kalamu." Ukija, muulize. Yuko tayari kukueleza, na usingoje aite mara ya pili.

Alhamisi tuliitwa ofisini Kakamega. Maofisa watatu mezani, Chrispinus kwenye kiti, mimi wakaniacha nikae karibu na mlango. Wakasoma barua ya daktari wenu kwa sauti. Nilidhani yamekwisha. Ofisa wa katikati, mwanamke aliyevaa miwani, akaifunga faili akasema, "Mwalimu, masikio yako hayana neno. Lakini niambie, bado unazisikia hizo sauti zako?"

Nakiri nilimwomba Mungu Chrispinus aseme uongo. Hata nilijaribu kumkonyeza, lakini hakuwa akinitazama.

"Nasikianga," akasema.

"Hata leo?"

"Hata saa hii iko moja."

Wale wawili wa pembeni wakatazamana. Mwanamke akamwuliza inasema nini.

"Inasema mtanikataa."

Mwanamke akavua miwani. "Na wewe unaijibu nini?"

"Hiyo siijibu," akasema Chrispinus. "Nimekuja kuwajibu nyinyi."

Walitutoa nje. Tulikaa kwenye benchi saa nzima na robo, nami nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba wakikataa nitawatundikia blanketi hapo hapo uani kwao. Wakatuita. Anarudi Darasa la Tatu, Jumatatu ya tarehe tisa, na kila mwisho wa mwezi aonane na Ochieng. Mwanamke alimpa mkono.

Tulipofika barabarani nilimwuliza ile sauti inasemaje sasa. Akasikiliza kidogo, kichwa kimeinama upande wa kushoto.

"Bado inasema wamenikataa," akasema, kisha akauliza duka la vitabu linafungwa saa ngapi, kwa sababu daftari la kuita majina limeisha kurasa.

Shangazi yako,
Ayuma